Nyongo ya Samaki na Siri ya Mto

Kama nyumbani kwenu wewe ndiye unayetumwa kutengeneza samaki, onyo hili unalijua: "Ukimpasua angalia usitoboe nyongo!" Kifuko chenyewe ni kidogo, rangi yake ni kijani iliyokolea, nacho kimejificha karibu na ini. Kikitoboka, nyama yote inakuwa chungu na lawama zote ni zako. Kwa hiyo watu hukitoa taratibu, hukitupa, na habari yake inaishia hapo.

Wanasayansi nao hukitoa taratibu, ila wao hawakitupi. Wanakipeleka maabara, kwa sababu yale matone machungu yanaeleza kemikali nyingi ambazo samaki alikutana nazo majini katika siku za karibuni. Mara nyingine nyongo inasema hata yale ambayo maji yenyewe, ukiyapima, hayasemi.

Katika somo hili tutafuata kemikali za aina moja tu, nazo ni zile zinazovuruga homoni. Zinaingiaje kwa samaki? Mwili wake unazifanya nini? Zinatokea wapi, na kwa nini nyingine hazitoki? Wenzetu wa kidato cha tatu na cha nne mtakutana na marafiki wa zamani: ini, figo, utoaji wa takamwili. Wa kidato cha kwanza msiogope, twende pamoja.

MADUME YENYE MAYAI

Kisa chetu kinaanzia Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watu waliokuwa wakichunguza samaki wa mto Lea, upande wa kaskazini wa jiji la London, walikutana na jambo la ajabu. Katika mto huo wamo samaki wa maji baridi waitwao roach. Baadhi ya roach walioishi karibu na mahali majitaka yaliyosafishwa yanapomwagwa mtoni walikuwa dume na jike kwa wakati mmoja. Ukimpasua unakuta korodani, na ndani ya korodani mna mayai machanga! Wapo samaki, hasa wa baharini, ambao kwa asili yao hubadili jinsia. Roach si mmoja wao.

Baadaye John Sumpter wa Chuo Kikuu cha Brunel, pamoja na wenzake wa maabara ya uvuvi ya serikali, walifanya jaribio ambalo ukilisikia unasema, kumbe sayansi ni kitu rahisi hivi. Walichukua samaki aina ya trauti waliofugwa kwenye maji safi, wakawatia ndani ya vizimba, wakavizamisha vizimba katika maji yanayotoka kwenye vituo vya kusafisha majitaka. Baada ya wiki chache wakapima damu yao. Walikuwa wanatafuta protini moja tu, nayo inaitwa vitelojenini.

Hapa inabidi tusimame kidogo. Samaki jike anapokaribia wakati wa kutaga, ovari zake hutoa homoni iitwayo estrojeni. Homoni ni ujumbe unaosafiri kwa damu. Ujumbe huu ukifika kwenye ini, ini linaanza kutengeneza vitelojenini. Protini hiyo inaingia kwenye damu, inafika kwenye ovari, na huko inakuwa kiini cha yai, yaani chakula cha mtoto kabla hajaanza kujitafutia. Dume naye anayo jeni ya vitelojenini, na ini lake linaiweza kabisa kazi hiyo. Ila ujumbe wa kutosha haumfikii, basi ini linakaa kimya maisha yake yote. Ukikuta damu ya dume imejaa vitelojenini, ujue kuna mtu anamtumia ujumbe kutoka nje.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1994. Vitelojenini ilikuwa imepanda mara 500 katika kituo kimoja, na mpaka mara 100,000 katika kingine. Mwaka 1998 Susan Jobling na wenzake wakatoa taarifa ya roach wanaoishi huru kwenye mito mbalimbali ya nchi hiyo. Sehemu zilizo mbali na majitaka madume wachache tu walikuwa na dalili za ujike. Katika baadhi ya sehemu zilizo chini ya vituo vya majitaka, madume wote waliochunguzwa walikuwa nazo.

NANI ANATUMA UJUMBE?

Wataalamu waliyachuja maji hayo sehemu kwa sehemu, kila sehemu wakaijaribu kama inafanya kazi ya estrojeni. Mwaka huohuo wa 1998 majibu yalitoka. Waliokamatwa walikuwa estradioli na estroni, homoni za kawaida kabisa ambazo miili ya wanawake, na kwa kiasi kidogo ya wanaume, hutengeneza na kutoa kwa mkojo kila siku. Mahali pengine alikuwepo wa tatu: ethiniestradioli, iliyomo ndani ya vidonge vingi vya uzazi wa mpango.

Kwenye mto Aire, huko Yorkshire, mkosaji mkubwa alikuwa mwingine tena. Viwanda vya kuosha sufu vilitumia sabuni ambazo zikioza majini huacha nonilifenoli. Kemikali hii haikutengenezwa iwe homoni. Umbo lake tu linafanana na estrojeni kiasi cha kuingia kwenye kufuli ya homoni, kama ufunguo wa jirani unaofungua mlango wenu kwa kubahatisha.

Lakini kulikuwa na fumbo. Ini la binadamu haliachi estrojeni itoke ovyo. Kabla ya kuitoa, linaifunga kwenye asidi ya glukuroni, ambayo ni ndugu wa sukari ya glukosi, au kwenye salfeti. Tuuite huo mkia. Homoni yenye mkia haiwezi tena kuingia kwenye kufuli. Imezimwa. Inayeyuka vizuri kwenye maji na inatoka kwa mkojo bila kumdhuru yeyote. Sasa kama inatoka imezimwa, nani anaiwasha?

Jibu lipo kwenye choo chenyewe. Bakteria waitwao E. coli, wanaoishi kwa mamilioni katika utumbo wetu, wana kimeng'enya cha kukata mkia wa glukuroni. Nadhani wanaupenda kwa sababu ni chakula. Wanakula mkia, homoni wanaiacha. Mpaka majitaka yanapofika kwenye kituo, sehemu kubwa ya kazi ya ini imeshafumuliwa na homoni iko huru, iko macho. Usafishaji wa kawaida unapunguza nyingi, ila kiasi kinachobaki kinaingia mtoni.

Na ethiniestradioli ina ubishi wake wa ziada. Iliundwa mwaka 1938 Ujerumani. Madaktari walikuwa na shida moja: estradioli ya kawaida ukiimeza, ini linaivunja upesi kabla haijafanya kazi. Wakemia wakaibandika kipande kidogo cha kaboni mahali ambapo ini huanzia kuivunja. Kikawa kama kufuli mbele ya duka. Dawa ikafanikiwa. Lakini kilichoundwa kulishinda ini la binadamu kinalisumbua pia ini la samaki.

Wapo watakaosema eti basi dada zetu waache vidonge. Hapana! Estrojeni nyingi zaidi kwa uzito zinatoka kwa watu wote na mifugo kwa njia ya kawaida, na mjamzito mmoja hutoa nyingi kuliko mwanamke asiye na mimba. Mtu asitumie habari ya roach kumnyima mwenzake uzazi wa mpango. Tatizo linatatuliwa pale majitaka yanaposafishwa, siyo chumbani kwa mtu.

MILANGO YA KUINGILIA

Samaki huvuta hewa kwa matamvua. Ukiyaangalia matamvua ya sato aliyevuliwa asubuhi utaona nyuzi nyekundu nyingi, laini, zimejipanga kama meno ya kitana. Ngozi yake ni nyembamba sana na damu inapita karibu kabisa na maji. Tena damu inakwenda upande huu na maji upande ule, mpango ambao mmeusoma kwenye somo la upumuaji, na ambao unamwezesha samaki kunyonya oksijeni iliyo kidogo majini. Uzuri huohuo ndio udhaifu wake. Kinachoweza kupita kwenye utando wa mafuta wa seli kinapita, na estrojeni, nonilifenoli na DDT zote zinapenda mafuta.

Mlango wa pili ni mdomo. Samaki anakula funza, konokono, mwani na samaki wadogo ambao nao walikwisha kunyonya kemikali zao. Kwa kemikali zinazoyeyuka majini kidogo, matamvua ndiyo mlango mkubwa. Kwa zile zinazong'ang'ania mafuta na matope, chakula kinachukua nafasi ya kwanza.

KIWANDA CHA INI

Jaribu kuosha sahani yenye mafuta kwa maji matupu. Unajua itakavyokuwa. Mwili nao una shida hiyohiyo: mkojo ni maji, nyongo kwa sehemu kubwa ni maji, na kemikali hizi ni za mafuta. Haziwezi kutolewa mpaka zigeuzwe ziwe rafiki wa maji. Kazi hiyo hufanyika hasa kwenye ini, kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza inafanywa na vimeng'enya vya familia iitwayo sitokromu P450. Vinachukua atomu ya oksijeni na kuipachika kwenye molekuli ya kemikali. Hiyo oksijeni ni kama mkono wa kikombe: sasa kuna mahali pa kushika. Hatua ya pili, vimeng'enya vingine vinashika hapo na kufunga mkia, uleule wa glukuroni au salfeti tuliouona kwa binadamu. Ndiyo, samaki na wewe mnatumia ufundi mmoja. Kemikali kama estradioli na nonilifenoli tayari zina mkono wao wa oksijeni, kwa hiyo zinaweza kwenda moja kwa moja hatua ya pili.

Zikishapata mkia, nyingi zinasukumwa na ini kuingia kwenye nyongo. Mitihani ya shuleni imetuzoesha kwamba ukiulizwa utoaji taka unajibu "figo", na kwa samaki unaongeza kwamba amonia hutoka kwa matamvua. Ni sawa. Samaki wa maji baridi hukojoa sana kwa sababu maji yanamwingia mwilini muda wote, na kiasi fulani cha kemikali zenye mkia hutoka kwa mkojo huo. Kemikali ambazo ni ndogo na hazijakamatwa na mafuta zinaweza hata kurudi nje kupitia matamvua zilikoingilia. Lakini kwa molekuli kubwa kama homoni hizi, mlango mkuu ni ini, nyongo, utumbo, na mwisho kinyesi.

Nyongo haitoki mfululizo. Inakusanywa kwenye kifuko ikisubiri chakula, na samaki asipokula, kifuko kinazidi kujaa na nyongo kuwa nzito. Ndiyo maana wanasayansi wanakipenda. Mwaka 1999 watafiti wa Sweden waliweka trauti kwenye maji ya majitaka yaliyosafishwa, kisha wakapima nyongo yao. Nguvu ya estrojeni ndani ya nyongo ilikuwa mara 10,000 mpaka mara 1,000,000 ya ile iliyokuwa kwenye maji. Ethiniestradioli ilikuwemo. Mto ulionekana karibu safi, nyongo ikasema kweli.

Hebu tupime udogo wake. Kiasi kinachosumbua samaki kinahesabiwa kwa nanogramu, na nanogramu moja ni gramu moja ukiigawa mara 1,000,000,000. Nanogramu 5 kwa lita ni sawa na kuweka gramu 1 kwenye lita 200,000,000. Hayo ni maboza 20,000 ya lita 10,000 kila moja. Kidonge kimoja chenye maikrogramu 30 za ethiniestradioli, kama chote kingefika majini bila kuvunjwa (hakifiki chote), kingetosha kuyafikisha maji lita 6,000 kwenye kiwango hicho.

TAKA INAYORUDI NDANI

Ungefikiri kemikali ikishafika kwenye utumbo, imekwisha, inasubiri kutoka. Kumbe utumbo wa samaki nao una bakteria, na baadhi yao wana mkasi uleule wa E. coli. Wanakata mkia. Kemikali inarudi kuwa ya mafuta, inapenya ukuta wa utumbo, inaingia kwenye damu, na damu ya utumbo inapelekwa wapi? Kwenye ini. Ini linaanza upya. Molekuli moja inaweza kuzunguka hivyo zaidi ya mara moja kabla ya kutoka, na kila mzunguko ni nafasi nyingine ya kugonga kufuli ya homoni.

Hata hivyo, mwili unaweza kushinda ukipewa muda. Katika jaribio moja la maabara lililotangazwa mwaka 1996, trauti waliwekwa kwenye maji yenye nonilifenoli, kisha wakahamishiwa maji safi. Nonilifenoli kwenye nyama na mafuta yao ilipungua nusu kila baada ya saa 20 hivi. Piga hesabu: baada ya saa 40 imebaki robo, saa 60 sehemu moja ya nane, saa 100, yaani siku nne na kitu, sehemu moja ya 32. Si mchezo!

Shida ni kwamba roach wa mto Lea hakuhamishiwa maji safi na mtu yeyote. Yeye ni kama mvuvi aliye kwenye mtumbwi unaovuja, anatoa maji kwa kata usiku na mchana. Kata yake ni nzima na mikono yake ina nguvu, lakini tundu liko palepale. Maji ndani ya mtumbwi hayapandi mpaka ukazama, wala hayaishi. Yanabaki kwenye kimo fulani, na kimo hicho kinatosha kulifanya ini la dume litengeneze vitelojenini mwezi baada ya mwezi. Kwa samaki mchanga ambaye korodani zake ndiyo kwanza zinajengwa, ujumbe usiofaa ukimfikia wakati huo, mabadiliko yanaweza kubaki hata kama maji yatakuja kusafishwa baadaye.

Vitelojenini yenyewe nayo inakuwa mzigo. Jike anaipeleka kwenye mayai. Dume hana pa kuipeleka, basi inajazana kwenye damu na kuishia kwenye figo. Madume waliopata estrojeni nyingi wamekutwa na figo zilizoziba na kuharibika kwa protini hiyo. Yaani kemikali iliyoanza kwa kulidanganya ini imemaliza kwa kuharibu kiungo kingine cha kutolea taka.

ZISIZOSHIKIKA

Mpaka hapa tumezungumza juu ya kemikali ambazo ini linaziweza. Zipo zinazolishinda. PCB ni mafuta yaliyotumika zamani kwenye transfoma za umeme. Molekuli yake imezungukwa na atomu za klorini, na pale ambapo P450 ingetaka kupachika oksijeni, inakuta klorini imekaa. PCB zenye klorini nyingi hazipati mkono, kwa hiyo hazipati mkia, kwa hiyo hazitoki. Zinakwenda kukaa kwenye mafuta ya samaki kwa miezi na miaka. Samaki mkubwa akila wadogo mia, anarithi yao wote.

DDT ni kisa kingine. Mwili huweza kuigeuza kuwa DDE, na hapo unaweza kushangilia mapema. DDE ni sugu kuliko DDT yenyewe. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba DDE huziba kufuli ya homoni ya kiume, hivyo ujumbe halali wa mwili hauingii.

Ila kwangu mimi kisa kinachoshangaza kuliko vyote ni cha methoksikloro, sumu ya wadudu iliyoletwa kushika nafasi ya DDT. Ikiingia mwilini, yenyewe karibu haina nguvu ya estrojeni. Ini linafanya kazi yake kama lilivyofundishwa na maumbile: linavunja vipande vya pembeni na kuacha mikono ya oksijeni. Mikono hiyo ndiyo inayoifanya iingie vizuri kwenye kufuli ya estrojeni. Ini limetengeneza ufunguo kwa mikono yake! Mwaka 2023 methoksikloro iliingizwa kwenye orodha ya kemikali zinazopigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm.

Ipo njia moja ambayo hata zile sugu hutoka, nayo ni mayai. Jike anapojaza mayai yake kiini chenye mafuta mengi, kemikali zilizokaa kwenye mafuta zinahama pamoja nayo. Mama anabaki mwepesi. Mtoto anaanza maisha na mzigo huo, siku zilezile viungo vyake vinapojengwa, wakati ini lake bado halijawa na nguvu ya kufanya lolote.

ZIWA LILILOPEWA DAWA KWA MAKUSUDI

Mtu anaweza kuuliza, dume akiwa na vitelojenini kuna ubaya gani ikiwa bado anaogelea? Huko Ontario, Canada, kuna eneo lenye maziwa madogo yaliyotengwa kwa majaribio. Karen Kidd na wenzake walilichukua ziwa linaloitwa namba 260, wakaliwekea ethiniestradioli kila kiangazi kuanzia 2001 mpaka 2003, kiwango kikiwa nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Madume ya samaki mmoja mdogo, aitwaye fathead minnow, yalijaa vitelojenini, korodani zikadumaa. Samaki huyu haishi muda mrefu, kwa hiyo asipozaa vizuri misimu miwili mitatu, ameisha. Walikaribia kutoweka kabisa ziwani. Taarifa ilitoka mwaka 2007. Dawa ilipoachwa kuwekwa, maji yakajisafisha na baada ya miaka kadhaa samaki hao wakarudi.

NA SISI TUNAOKULA SAMAKI?

Swali ambalo wavulana huuliza kwa sauti ya chini ni hili: nikila samaki wa namna hiyo nitaota matiti? Hapana. Mwili wa mwanaume wenyewe hutengeneza estrojeni kila siku kwa maikrogramu, na kile unachoweza kupata kwenye kipande cha samaki kutoka mtoni ni kidogo mno ukilinganisha na hicho. Tena sehemu yenye mkusanyiko mkubwa, nyongo, wewe mwenyewe uliitupa. Samaki wanabaki kuwa chakula bora cha kijana anayekua, na dagaa ni rahisi kununua.

Kwenye kemikali zinazokaa katika mafuta ndipo penye haja ya uangalifu. Huku kwetu hatari kubwa inayojulikana ni watu kuvua kwa sumu za wadudu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa sababu ya hofu hiyo, na familia nyingi za wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya minofu zilikosa riziki kwa kosa la wachache. Samaki waliokutwa wanaelea wamekufa bila sababu inayojulikana, usile, usiuze. Mwambie ofisa uvuvi au kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wenu.

Kuhusu homoni, dawa ni kuziba tundu la mtumbwi. Nchi za Ulaya zilibana matumizi ya sabuni za nonilifenoli kuanzia 2005. Uswisi ilitunga sheria, ikaanza kutumika 2016, ya kuongeza hatua ya mwisho kwenye vituo vyake vikubwa vya majitaka, kwa gesi ya ozoni au kwa mkaa maalumu unaonyonya kemikali. Ni ghali. Mabwawa ya majitaka kama yale ya Moshi yanatumia jua, bakteria na muda. Kadiri maji yanavyokaa siku nyingi ndivyo homoni nyingi zaidi zinavyovunjwa kabla ya kutoka, mradi bwawa halijajaa tope na watu hawajaelekeza mifereji ya kiwanda humo. Na wewe nyumbani, dawa zilizobaki au zilizopitwa na wakati usizitupe chooni wala mtoni. Uliza kwenye duka la dawa au kituo cha afya namna ya kuzirudisha.

MASWALI YA KLABU

1. Samaki wawili wamekaa miezi sita kwenye maji yenye nonilifenoli na PCB. Wote wamehamishiwa maji safi kwa siku kumi. Utategemea kukuta nini kwenye nyama yao, na kwa nini?

2. Kwa nini mtafiti anayetaka kupima nyongo hupendelea samaki ambaye hajala karibuni?

3. Wakati wa kiangazi, katika baadhi ya mito ya Uingereza zaidi ya nusu ya maji yote ni yale yaliyotoka kwenye vituo vya majitaka. Ini la roach lina nguvu ileile mwaka mzima. Eleza, kwa kutumia mfano wa mtumbwi, kitakachotokea kwenye damu yake. Kisha fikiria mto ulio karibu na shule yenu mwezi wa Septemba: maji yanayobaki yanatoka wapi?